Faragha ya Mwanafunzi wa Mtandaoni: Sheria Inamtaka Muuzaji wa Kozi Afanye Nini

Sera ya faragha ni maelezo ambayo mwenye tovuti huyaweka wazi ili kila anayeingia ajue ni taarifa zipi zake zinachukuliwa, zinatumiwa kwa kazi gani, nani mwingine anazipata na zitakaa kwa muda gani. Kwa tovuti inayouza kozi nchini Kenya, maelezo hayo si hiari. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kuanikiwa bila sababu mambo ya familia yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inaeleza haki hiyo ilindwe vipi, na Kanuni za Jumla za 2021 zikaongeza kwamba kila anayeshika data za watu aandike sera, aichapishe na aihuishe mara kwa mara. Msimamizi ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, maarufu kama ODPC. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020.

Sheria hii haimhusu mwenye kampuni kubwa ya Nairobi peke yake. Sigor ni mji mdogo wa soko katika eneobunge la Chepalungu, kaunti ya Bomet, kusini mwa mashamba makubwa ya chai, upande ambao wengi wanategemea mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mwalimu wa huko anayeuza masomo ya Kemia ya mtihani wa KCSE kwa video, afisa wa mifugo mstaafu anayefundisha kutengeneza sileji, au kijana anayewafunza wenzake kazi za mtandaoni, wote wakishaanza kuandikisha majina na nambari za wanafunzi wanakuwa wadhibiti wa data, yaani watu wanaoamua data ikusanywe kwa ajili gani na kwa njia gani. Kampuni inayowahifadhia tovuti, au inayowatumia SMS kwa wingi, ni mchakataji. Inafanya kazi kwa maagizo yao. Mwanafunzi akilalamika, wa kwanza kuulizwa ni mdhibiti, na jibu la kwamba mtambo si wake halitamwondolea wajibu.

Wanunuzi wa kozi hizi ni watu wenye haraka ya kupata kipato. Katika mashamba ya Kericho na Bomet, mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ya mikono mingi, na hasira juu ya jambo hilo ilifika kilele Mei 2023 mashine kadhaa zilipochomwa moto huko Kericho. Serikali nayo imekuwa ikiwahimiza vijana wageukie kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital tangu 2016. Kijana anayetafuta ujuzi kwa simu, bando likikaribia kuisha, hasomi masharti; anajaza kila nafasi anayoiona kwenye fomu. Ndiyo maana sheria imeuweka mzigo wote kwa anayeuliza.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na waraka. Muuzaji hufungua tovuti ya kampuni ya ng'ambo, hunakili sera yake, hubadilisha jina na kumaliza. Sera za aina hiyo hujulikana upesi: zinataja haki za wakazi wa California, zinamwelekeza mlalamishi kwa mamlaka ya Ireland, na zinaahidi kwamba malipo ya kadi yanalindwa ilhali kila mwanafunzi analipa kwa M-Pesa. Pengine ni afadhali tovuti isiyo na sera kabisa, kwa sababu iliyonakili imetoa ahadi kwa maandishi ambazo haizitimizi, na maandishi hayo ni ushahidi mkononi mwa mlalamishi. Kazi halisi huanza kwa kuifuata data yenyewe tangu mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha kujiandikisha hadi anapopewa cheti.

Mahali pa kwanza ni fomu. Kuuza kozi kunahitaji jina, nambari ya simu na pengine barua pepe. Fomu nyingi huenda mbali zaidi: nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, jina la mzazi, kabila. Sheria inataka data ichukuliwe kwa kiasi kinachotosha kazi iliyotajwa, isizidi. Tena orodha ya Kenya ya data nyeti ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Pamoja na afya, imani, asili ya kikabila na alama za mwili kama vidole na macho, imo pia mali ya mtu, hali yake ya ndoa, na mambo ya familia yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Fomu ya kozi ya sileji inayouliza mkulima ana ekari ngapi na ng'ombe wangapi tayari imeingia kwenye mali yake, na ile inayotaka jina la baba imeingia kwenye familia. Maswali hayo hayakatazwi moja kwa moja, lakini anayeyauliza sharti awe na sababu anayoweza kuitetea na ulinzi mkali zaidi. Asiye na sababu na ayafute tu, maana kila swali linalotoka kwenye fomu linapunguza aya moja kwenye sera.

Malipo yana tatizo lake, na ni la hapa nyumbani. Wauzaji wadogo wengi humwambia mwanafunzi alipe, kisha atume ujumbe wa M-Pesa kwenye WhatsApp kama uthibitisho. Ujumbe anaoupata mlipaji unabeba kiasi alicholipa, jina la aliyelipwa, tarehe na saa, na pia salio lililobaki kwenye akaunti yake. Kwa hiyo mwanafunzi aliyelipia somo la shilingi 500 amemwonyesha mwalimu pesa zote alizo nazo kwenye simu, na picha hiyo ya skrini itakaa kwenye simu ya mwalimu miaka. Kinachohitajika ni ule msimbo wa herufi na tarakimu 10 ulio mwanzoni mwa ujumbe. Mwalimu anaulinganisha na taarifa iliyomfikia yeye, biashara imekwisha. Muuzaji aliyeandika katika sera yake kwamba hakusanyi taarifa za kifedha, huku simu yake imejaa salio za watu, amesema uongo bila kukusudia.

Baada ya malipo, mwanafunzi huingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Katika kundi la kawaida wanachama huona nambari za wenzao, na mtu aliyejiandikisha kwa kozi ya siri kidogo, kwa mfano ya kudhibiti madeni au ya malezi ya mtoto mwenye ulemavu, anajikuta ametambulishwa kwa watu 200 asiowajua, pengine jirani zake. Sheria inahesabu hilo kuwa ni kuwafunulia wengine data yake. Muuzaji anaweza kuwafikia wanafunzi kwa orodha ya matangazo, ambayo wapokeaji wake hawaonani, au akaweka wazi kabla ya malipo kwamba kundi lipo, nambari zitaonekana, na asiyetaka atapata masomo kwa njia nyingine. Jambo hili halimo kwenye sera zilizonakiliwa, kwa sababu kampuni za ng'ambo zilizoziandika hazifundishi kwa WhatsApp.

Sheria inataka kila matumizi ya data yawe na msingi wake, na misingi iko kadhaa. Kumpa mwanafunzi kozi aliyoilipia ni kutekeleza mkataba; hapo ridhaa ya ziada haihitajiki. Kumtumia matangazo ya kozi nyingine mwezi unaofuata si sehemu ya mkataba huo. Matangazo yanahitaji ridhaa iliyo wazi, ya hiari, ya jambo mahsusi, itolewayo na mtu aliyeelezwa. Kisanduku kilichotiwa alama mapema na mwenye tovuti hakifikii kipimo hicho, kwa sababu aliyekitia alama si mwanafunzi. Mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa muuzaji, hivyo sharti ahifadhi kumbukumbu ya nani alikubali nini na lini. Aliyekubali ana haki ya kubadili nia wakati wowote, na kila tangazo linapaswa kumpa njia rahisi ya kujitoa bila gharama.

Eneo lenye hatari kubwa kuliko yote ni watoto. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayenunua masomo ya Kemia mara nyingi hajafikisha miaka 18, na kwa sheria ya Kenya huyo ni mtoto. Data yake haichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na uchakataji wenyewe lazima ulinde masilahi yake. Muuzaji anatakiwa kuweka njia ya kujua umri na kuhakikisha idhini ni ya mzazi kweli. Vijijini jambo hili lina pande mbili. Simu inayotumika nyumbani huenda ni ya mama, kwa hiyo nambari iliyosajiliwa ni ya mzazi ingawa anayebonyeza ni mtoto; na mtoto anayeishi na nyanya kwa sababu wazazi wanafanya kazi mbali anahitaji idhini ya mlezi aliye naye. Simu moja kwa mzazi au mlezi, ikiandikwa tarehe na jibu alilotoa, inafaa kuliko kisanduku kinachouliza "Je, una miaka 18?" ambacho kila mtoto hujibu ndiyo.

Uzito wa suala hili ulionekana Septemba 2023, ODPC ilipotangaza faini tatu kwa pamoja. Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Kilabu cha Casa Vera jijini Nairobi kilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na kampuni ya mikopo ya Mulla Pride 2,975,000 kwa jinsi ilivyotumia majina na nambari za watu kuwasumbua. Faini kubwa zaidi kati ya hizo tatu ni ya picha za watoto. Miezi tisa kabla, Desemba 2022, kampuni ya simu ya Oppo Kenya ilikuwa imepigwa faini ya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila idhini. Muuzaji wa kozi anayeanika picha za wanafunzi wake waliopata alama ya A, pamoja na majina na shule zao, ili kuvutia wateja wapya anafanya lile lile. Kufaulu kwa mwanafunzi ni habari njema kwa mwalimu, ila picha na matokeo ni vya mwanafunzi.

Kenya si peke yake katika wasiwasi huu. Mei 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa utafiti wa bidhaa zaidi ya 160 za elimu ya mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la korona, likakuta kwamba takriban tisa katika kila kumi zilishughulikia data kwa namna iliyohatarisha haki za watoto. Mwaka uliofuata tume ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, iliichukulia hatua kampuni ya Edmodo, iliyokuwa na jukwaa la masomo, kwa kukusanya data za watoto bila idhini ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo, na ikaamuru faini ya dola milioni 6. Moja ya makosa ya Edmodo lilikuwa kuwasukumia walimu na shule wajibu uliokuwa wake.

Tovuti nyingi za kozi hazisimami kwenye mtambo wa mwenyewe. Masomo yako Teachable au Thinkific, vipindi vya moja kwa moja viko Zoom, fomu ni ya Google, na ndani ya ukurasa kumefichwa kijisehemu cha programu ya Facebook kinachomfuata mgeni ili aonyeshwe matangazo baadaye. Seva za huduma hizi ziko nje ya nchi. Sheria ya Kenya haikatazi data kuvuka mpaka, ila inamtaka mdhibiti awe na uthibitisho wa ulinzi unaofaa huko inakokwenda au msingi mwingine halali, na kwa data nyeti apate ridhaa ya mwenyewe. Sera basi iwataje washirika hao kwa majina na kazi ya kila mmoja. Kuandika kwamba "tunaweza kushirikisha data na watu wengine" hakumwambii msomaji kitu. Vidakuzi (cookies) vya matangazo navyo vielezwe, na mgeni apewe nafasi ya kuvikataa na bado afungue somo alilolilipia.

Lugha ya sera haizungumzwi sana, ingawa ridhaa ya mtu asiyeelewa alichosoma ni ya shaka. Kozi inayofundishwa kwa Kiswahili au Kikipsigis na kuuzwa kwa mkulima wa Chepalungu haipaswi kuwa na sera ya kurasa 12 za Kiingereza cha mawakili. Kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zinatosha kwa biashara ya ukubwa huo, na sauti iliyorekodiwa ya dakika tatu, ikieleza yale yale kwa Kikipsigis, inawafikia ambao hawangesoma kabisa.

Haki za mwanafunzi zimewekewa siku. Akiomba kuona data yake, Kanuni za 2021 zinampa muuzaji siku 7 kumjibu, bila kumtoza chochote. Ombi la kusahihisha au kufuta lina siku 14, na la kuhamishia data kwa mtoa huduma mwingine siku 30. Sera yapasa iseme ombi litumwe wapi, na anwani hiyo iwe inasomwa kweli. Kufuta hakumaanishi kufuta kila kitu: sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe miaka 5, kwa hiyo rekodi ya malipo inabaki hata kama majibu ya majaribio, picha na mazungumzo yamefutwa. Jina na kozi aliyohitimu mtu vinaweza kubaki ili cheti chake kithibitishwe atakapoomba kazi. Yaliyobaki yawekewe muda maalumu kwenye sera, na muda ukiisha yaondoke.

Ulinzi wenyewe hauhitaji gharama kubwa kwa muuzaji mdogo, ila unahitaji nidhamu. Nywila moja inayojulikana na mwalimu, msaidizi wake na fundi aliyetengeneza tovuti ni mlango usio na kitasa. Kampuni ya Chegg ya Marekani, inayouza msaada wa masomo, ilijifunza hilo mwaka 2018: mtu aliyewahi kuifanyia kazi kwa mkataba alitumia nywila alizobaki nazo kuingia kwenye hifadhi yake, na taarifa za wateja takriban milioni 40 zikatoka. Miongoni mwake zilikuwa zile ambazo wanafunzi walizijaza wakitafuta ufadhili: dini, ulemavu, kipato cha wazazi. FTC iliichukulia hatua Oktoba 2022. Nchini Kenya, mdhibiti akigundua data imevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, ana saa 72 kumwarifu Kamishna, na wahusika wenyewe waelezwe. Mchakataji ana saa 48 kumwarifu mdhibiti wake. Simu ya mwalimu yenye orodha ya wanafunzi wote ikiibwa kwenye matatu, nayo inahesabika.

Mwanafunzi asiyeridhika anaweza kulalamika ODPC mtandaoni au katika ofisi zake za mikoani, ikiwemo ya Nakuru, na lalamiko linapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala hufika hadi shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ulaya huhesabu kinyume, huchukua kilicho kikubwa. Mbali na faini, aliyeumizwa anaweza kupewa fidia, hata kama madhara ni ya kihisia tu.

Wanafunzi wakitoka nje ya Kenya, sheria nyingine zinaingia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na tume yake. Uganda ina ya 2019. Anayewalenga Wakenya walioko Ujerumani au Ufaransa ataikuta kanuni ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018.

Limebaki suala la usajili. Biashara yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili ODPC, lakini msamaha huo hauzigusi shughuli kadhaa, zikiwemo kuendesha taasisi ya elimu na biashara inayoishi kwa matangazo ya moja kwa moja. Je, mwalimu mmoja mwenye tovuti ni taasisi ya elimu? Inaweza kubishaniwa, na mwenye kozi za video tano atakuwa na hoja nzuri. Anayetoa vyeti, kuweka mitihani na kuandikisha watoto ana hoja dhaifu, na gharama haimpi sababu ya kusubiri kuulizwa: ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000.